Betri Iliyovaa Shuka

Ukifika Karatu ukauliza jina lake la ubatizo, watu watakukodolea macho kama umeuliza bei ya bahari. Sema "Mama wa Chaja" na hata mbwa wa gereji watakuongoza hadi mlangoni. Mimi nimekuwa jirani yake tangu nikiwa na nywele, na lile jina la ubatizo nilipolisikia likitajwa kanisani siku moja niligeuka nyuma kutafuta huyo mgeni ni nani.

Hakutengeneza magari, na wala hakujua kuendesha. Ukimfungulia boneti angekuonyesha betri, na vilivyobaki vyote aliviita "machuma mengine". Kazi yake ilikuwa moja tu: unamletea betri iliyozimika, anaitazama, anakutazama na wewe, halafu anaamua betri yako inastahili chaja ipi. Nasema anaamua yeye. Madereva waliokuja wakitoa amri nimewaona wakirudi na betri zao begani, wameinama kama wachumba waliokataliwa posa.

Chaja alikuwa nazo tatu, na kwa kuwa ni Mwiraqw aliyekulia zizini, alizipa majina ya ng'ombe. Ya kwanza ni Fahali. Huyo alikuwa dude la chuma lenye magurudumu, zito kuliko dhambi zangu, na akiwashwa vikombe vya nyumbani kwangu vilicheza kabatini. Fahali alikuwa wa betri kubwa za malori na matrekta. Alisukuma umeme bila kujua kuacha, betri ijae isijae, kwa hiyo akiwa kazini Mama wa Chaja aliketi pembeni, kiganja kwenye ubavu wa betri, na ikianza kupata joto tu, anachomoa. Wa pili ni Mtamba, wa kadiri, mpole, anayelisha polepole zile betri za kawaida za kutiwa maji. Wa tatu ni Ndama, kidude cheusi chenye kitaa cha kijani, alichotumiwa na binti yake kutoka Arusha. Ndama alikuwa wa betri za siku hizi zilizofungwa moja kwa moja, zisizo na vifuniko vya kutilia maji.

"Ndama anajua shibe," alikuwa akisema. "Betri ikijaa anaachia mwenyewe. Fahali hajui shibe. Ukimwachia mgeni, atamlisha mpaka apasuke."

Kabla ya chaja kuna mahojiano. Siku ya kwanza nilipompelekea betri ya pikapu yangu, hali ilikuwa mbaya. Pikapu ilikuwa haiwaki mpaka isukumwe, na nadhani nusu ya wakazi wa wilaya walikuwa wameshaisukuma, wakiwemo wachungaji wawili na bibi harusi mmoja.

"Shikamoo mama. Nimeleta betri."

"Marahaba. Hiyo si betri, ni marehemu. Iweke chini kwa heshima. Ya maji au iliyofungwa?"

"Ya maji."

"Maji ya wapi?"

Nikajikuna shingo. "Ya bomba."

Alinitazama kama mtu aliyemwona mwenzake akikamulia maziwa chooni. "Ya bomba. Maji ya hapa ukichemshia chai yanaacha magamba kwenye birika, ndiyo umeinywesha betri. Wewe si ndiye uliyemaliza ile shule ya jioni, ukatukaribisha pilau?"

"Ndiye mimi."

"Basi msomi, iambie hiyo shule ikurudishie jioni zako." Na kuanzia siku hiyo hakuniita jina lingine, ni Msomi tu, hadi watoto wangu wakaanza kuniita hivyo wakidhani simo ndani.

Nilikuwa na haraka. Kulikuwa na vitunguu vinanisubiri Baray, na mwenye shamba alikuwa ameshaanza kupiga simu kwa sauti ya mtu anayetaka kumpa mzigo mwingine. Nikamwomba aniwekee Fahali, saa moja tu, niondoke.

"Mtu aliyekaa wiki mbili bila kula, siku ya kwanza unampa nini?" akaniuliza.

"Uji."

"Mzito au mwepesi?"

"Mwepesi."

"Umefaulu. Atakaa na Mtamba. Njoo keshokutwa."

Nikaja keshokutwa. Vitunguu vilipakiwa na mwingine, nikanuna hadi Jumapili. Lakini betri ile, aliyoisafisha, akaitia maji yanayostahili na kuilisha uji mwepesi, ilinitumikia miaka mingi sana. Ilibaki kidogo ipige kura.

Pale stendi kulikuwa na vijana wa kubusti, wale wanaounganisha nyaya kutoka gari moja hadi jingine, na ambao walikuwa na chaja yao kubwa ya kutisha. Hao walikuwa wapinzani wake, na walitaniana kutwa.

"Mama wa Chaja, sisi kwetu dakika kumi tu mteja anaondoka."

"Dakika kumi ni za kuchemsha yai."

"Na yai linaiva, mama."

"Basi fungueni mgahawa."

Sasa sikiliza kioja. Mwanamke huyu aliyehubiri uvumilivu wa betri, yeye mwenyewe hakuweza kusubiri chai ipoe. Aliinywa ikitoa moshi, huku akilaani joto lake. Makande aliyapika kwa magadi mengi ili yaive upesi, mpaka yakawa na rangi ambayo sijaiona kwenye chakula kingine. Kanisani alikuwa mwanzishaji wa nyimbo za kwaya, mwenye sauti ya kung'oa mabati, lakini nyimbo zake zilikwenda kasi kiasi kwamba mpiga kinanda alikuwa anafika ubeti wa tatu wakati wenzake wameshakaa. Akitembea, kuku walipisha njia kabla hajatokea.

Na simu yake? Aliichaji usiku kucha chini ya mto, asubuhi ina joto la kukaangia chapati. Nikamwambia, mama, hiyo nayo ina betri ndani. Akanijibu, "Hiyo si betri, Msomi. Hiyo ni kelele."

Vilevile alikuwa mkarimu na bahili kwa wakati mmoja. Ndama angekupa ukalale naye kwako siku mbili, bila hata kukuuliza unakaa wapi. Lakini sufuria yake haikuwahi kuvuka kizingiti. Nilipoomba moja kwa ajili ya kipaimara cha mwanangu, akasema sufuria haina taa ya kijani, haitajua wakati wa kurudi.

Katika wateja wake wote mmoja alikuwa kama mtoto wa kumzaa. Ni dereva wa kampuni ya watalii, kijana wa Kimaasai kutoka huko juu Ngorongoro, mrefu hata akiketi. Alimwita yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, naye akiisikia sauti yake ikisema "Takwenya, yeyo" mlangoni, aliitikia "Iko" kabla salamu haijaisha, na kummiminia chai kwenye kikombe chenye mkono, wakati sisi wengine tulipewa bakuli.

Kijana huyu alikuwa na jambo moja la ajabu. Ukingo wa kreta una baridi, nasikia hata fisi wa kule wanacheka wakitetemeka. Asubuhi magari yanagoma kuwaka. Nyumbani kwao mwanambuzi akizaliwa kwenye baridi hufunikwa, basi na yeye akaifunika betri. Alikata shuka jekundu la zamani, akalishona kwa mkono likawa koti kamili, likaacha matundu mawili tu ya kupitisha nyaya. Madereva wenzake walimcheka hadi wakachoka. Mama wa Chaja hakucheka hata kidogo. Alipoiona betri imevaa shuka aliipapasa na kusema, "Huyu ana mama."

Toka hapo kijana hakuhojiwa tena. Betri yenye shuka ikiingia, ilikuwa inapokewa kama mjukuu aliyetoka shule. Nilipolalamika kwamba mimi jirani bado naulizwa maswali yote, aliniambia mtoto wa nyumbani hahojiwi.

Na hapo ndipo palipotokea lile jambo.

Jumamosi moja kijana aliileta betri yake mchana, ilikuwa imelegea. Alimkuta Mama wa Chaja mlangoni, amevaa kitenge cha kwaya, kitambaa tayari kichwani, anakwenda kuongoza nyimbo kwenye sherehe ya kumuaga binti wa jirani anayeolewa. Mtamba alikuwa na betri ya mtu mwingine. Fahali alikuwa ametoka kumaliza betri ya trekta, yuko wazi. Betri yenye shuka aliifahamu, alikuwa ameikagua mara nyingi, akaona haina haja ya kuvuliwa. Akapitisha vibanio kwenye matundu, akaiunganisha na Fahali, na kusema atarudi baada ya saa moja.

Sherehe zetu unazijua. Saa moja hata mshereheshaji hajamaliza kujitambulisha. Aliporudi jua lilikuwa linazama, na shuka lilikuwa la moto kama nguo iliyotoka chini ya pasi. Akachomoa, akaiacha ipoe, na kesho yake baada ya ibada kijana akaichukua kwa shukrani.

Siku mbili baadaye lile gari la watalii liligoma kuwaka juu ukingoni, alfajiri, na wageni ndani wamejifunga mablanketi. Lilivutwa kama ng'ombe mgonjwa. Wageni walifika chini wakati simba wameshakula wakalala, wakaandika malalamiko marefu. Bosi wa kampuni akamwita kijana na kumwambia, "Umeacha friji ya gari inafanya kazi usiku kucha, imenyonya betri."

Kijana wa watu, badala ya kukana, akajaribu kukumbuka kama aliizima ile friji. Akasema, "Labda."

Hiyo labda ndiyo iliyomponza. Bosi akampa hadi kesho yake saa nne, aje kusikia hatima yake. Mke wake alikuwa na kichanga cha wiki chache, na ile kazi ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba yake na ya mama yake pia. Alinisimulia haya yote tukinywa chai sokoni, chai yenyewe hakuigusa.

Asubuhi ya kesho yake nikapita kwa Mama wa Chaja kumpa habari. Nilikuwa najua atasikitika. Sikujua atauliza, "Betri iko wapi?"

"Si aliileta hapa jana ulipokuwa dukani? Iko kwenye rundo lako la marehemu."

Akaenda kwenye rundo, akaivuta, akaichana mishono kwa kisu cha jikoni. Shuka likadondoka.

Ndani mlikuwa na betri ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Nyeusi, mpya, imefungwa juu hadi chini, haina kifuniko hata kimoja cha kutilia maji. Na mbavu zake zote mbili zilikuwa zimevimba kama mbuzi aliyevamia gunia la mahindi.

"Kumbe kampuni walibadilisha betri," nikasema.

"Walibadilisha. Shuka likabaki lile lile." Akaketi juu ya Fahali. Akaokota shuka, akalipakata magotini. "Ningemvua nguo tu, Msomi. Ningemvua ningeona hana vifuniko. Huyu alikuwa wa Ndama."

Nikajitia hekima. "Mama, betri zinakufa kila siku. Hakuna atakayejua."

Akatazama saa yangu ya mkononi, kwa maana yake haikuwahi kufanya kazi. "Washa pikapu," akasema. "Na hiyo betri ipakie mbele, isigongwe."

Tulipofika mtaroni mwa barabara alinisimamisha, akashuka, akang'oa majani mabichi mkono mzima, akapanda tena. Sikuuliza. Tumeishi na Wamaasai vya kutosha kujua kwamba mtu akikujia na majani mkononi anaomba amani, na ni vigumu kumfukuza.

Tuliingia ofisini wakati bosi yuko nyuma ya meza na kijana amesimama mbele yake, mikono nyuma. Mama wa Chaja hakusalimia. Aliichukua betri mikononi mwangu, akaitua mezani juu ya makaratasi ya watu, pwaa.

"Hii ndiyo unayosema imenyonywa na friji?"

"Shikamoo mama," bosi akasema. "Ndiyo hiyo."

"Marahaba. Betri ikinyonywa inalala tu, haivimbi. Hebu weka mkono hapa ubavuni. Hii imelishwa kupita kiasi, maji yake yamechemkia ndani hayana pa kutokea. Na aliyeilisha ni mimi. Niliiweka kwenye chaja isiyo yake nikaenda kuimba."

Bosi akaweka mkono ubavuni mwa betri, akauondoa. "Mama, unajua unachosema? Magari yangu yote yanachajiwa kwako."

"Yalikuwa," akasema.

Kisha akamgeukia kijana, akamnyooshea yale majani. "Hukuacha friji, mwanangu. Niliyeacha ni mimi."

Kijana aliyapokea kwa mikono miwili. Halafu akainama, na kwa urefu wake ule ilikuwa safari, akampa kichwa akiguse, kama wanavyofanya kwao kwa wakubwa. Mama akakigusa. Bosi akajifanya anatafuta kalamu chini ya meza, na mimi nikamsaidia kutafuta.

Kijana alibaki kazini. Habari ya betri mpya walimalizana wao. Lakini bosi alikataza gari lake lolote lisikanyage kibandani kwa Mama wa Chaja, na madereva wengine wakasikia, maana Karatu habari haihitaji kubustiwa. Kwa miezi kadhaa kibanda kilikuwa na nafasi ya kuchezea mpira. Vijana wa stendi walimpigia kelele, "Mama, leo umechemsha betri ngapi?" naye akaharakisha hatua.

Fahali alifunikwa gunia. Wateja waliobaki nao walihojiwa vikali kuliko zamani, mtoto wa nyumbani na mgeni sawasawa. Mimi, ambaye betri yangu aliijua kuliko nilivyoijua mwenyewe, niliulizwa kila mara kama ni ya maji, na nikijibu, anafungua kuhakikisha. Na kulikuwa na jambo jipya lililonisumbua. Ukichukua betri yako, alikufuata hadi barabarani, akasimama na mikono kifuani, na hakurudi ndani mpaka asikie gari likiwaka. Hata likiwaka hakuonekana kuamini. Wateja walirudi, mmoja mmoja, wa kwanza akiwa yule kijana na betri ya bodaboda ya shemeji yake. Masika yalipokwisha, bosi naye akalegeza. Ila Mama wa Chaja mwenyewe alikuwa bado hajajirudia.

Mwaka huu, mwanzoni mwa kiangazi, nilipeleka vitunguu kwenye hoteli moja kule juu. Nikiteremka nikasimama pale wanaposimama wote kutazama kreta, na nikaona gari la watalii limeegeshwa, injini inanguruma. Kiti cha mbele, amejifunga mkanda kama mtu anayepelekwa mbinguni kwa lazima, alikuwa Mama wa Chaja. Kijana alikuwa amesimama dirishani kwake, anambembeleza.

"Yeyo, hapa haturuhusiwi kuacha injini. Askari wa hifadhi atakuja."

"Aje. Nitamweleza."

"Utamweleza nini?"

"Kwamba betri hii niliichaji mimi."

"Ndiyo maana nataka kuzima," kijana akasema.

Aliponiona akaniambia kwa Kiswahili cha haraka kwamba ni siku yake ya mapumziko, bosi amemruhusu kumleta, na kwamba mama tangu getini amemkataza kuzima gari hata kwenye foleni. Nikaenda upande wa pili. "Mama, kreta hiyo hapo. Umekuja kutazama au kulinda ufunguo?"

"Wewe Msomi umetokea wapi? Nenda zako na vitunguu vyako."

Kijana hakubishana tena. Aliingiza mkono mrefu dirishani na kuzima.

Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko kreta yenyewe. Upepo ulikuja ukiwa na baridi yake ya kisu. Chini kabisa ziwa lilikuwa linang'aa kama sarafu, na nukta nyeusi zilikuwa zinatembea, kijana akasema ni nyati, mimi nikasema ni tembo, maana kwa nini mtu asafiri mbali kutazama vidogo. Mama wa Chaja alishuka taratibu, sijawahi kumwona akifanya kitu taratibu, akasogea hadi ukingoni. Miaka yote hii ameishi mlangoni mwa mahali hapa na alikuwa hajapaona. Alitazama mpaka nikaanza kuhisi baridi kwenye meno.

"Nani analima huko chini?" akauliza.

"Hakuna, yeyo."

"Shamba lote lile." Akatikisa kichwa, na akarudi garini.

Alijifunga mkanda. Alishika kile kishikio cha juu ya mlango kwa mikono miwili, na akafumba macho. Kijana akaketi kwenye usukani, akashika ufunguo, hakuuzungusha. Mimi pale dirishani nilisali sala zote nilizofundishwa, na nyingine nikazitunga papo hapo.

"Yeyo, niwashe, au tuteremke kwa miguu?"

"Washa, acha maneno."

Akazungusha. Gari liliwaka mara moja, hata halikukohoa.

Mama wa Chaja akafungua jicho moja, kisha la pili. Akaachia kishikio, akakinyoosha kitenge chake magotini.

"Sasa zima tena," akasema, "halafu uwashe. Mara hii nataka kusikiliza vizuri."